Mwaka Besi Yangu Ilipopakwa Mafuta

Kimeu amekufa, na kamati ya mazishi haiachi kunipigia simu. Wanataka nisimame pale kaburini niseme neno, kama mtu aliyepiga naye muziki zamani. Anayepiga simu ni shemeji yake Kimeu, mwanamume mpole wa sauti ya chini, na kila mara ananiambia, "Mama Ndinda, wewe ndiye unamjua Kimeu wa ngoma. Sisi tulimjua wa duka la mbolea tu. Sema hata kidogo." Nimemwambia nitafikiria. Sijafikiria kitu. Nimekaa hapa jikoni kwangu, mtoto mdogo amelala, Ndinda yuko shule, na niko na hasira ambayo sikujua bado ninayo. Hapa kwetu mtu akifa wanamfagia mpaka hakuna jani linalobaki. Watasema Kimeu alikuwa mcheshi. Ni kweli, alikuwa. Watasema alipiga ngoma ukasikia miguu yako imeanza kabla yako. Hiyo pia ni kweli. Lakini Kimeu alisimama kanisani mwaka wa tisini na tisa, akaniangalia usoni, akasema hakumbuki. Hilo hakuna atakayelisema kaburini, kwa hivyo naliandika hapa.

Mwaka wenyewe ndio ule mvua ya El Niño ilikuwa imekwisha kwenda na madaraja yake, barabara zikabaki mashimo, na kila mahali watu walikuwa wanaogopa mwaka wa elfu mbili. Tuliishi Katoloni, pale Machakos, vyumba viwili kwa ploti ya watu wengi: mimi, Nzioka bwana yangu, Ndinda ambaye alikuwa bado ananyonya, na mama yake Nzioka. Huyo nilimwita Mwaitu, kama sisi Wakamba tunavyomwita mama. Mwaitu alikuja ati kunisaidia na mtoto kwa wiki chache, na mifuko yake ikaota mizizi chini ya kitanda. Nzioka alipiga gitaa la solo, Kimeu ngoma, na mimi gitaa la besi. Bendi iliitwa Mwatu Boys, mzinga wa nyuki, na katika hao Boys mimi nilikuwa mmoja, na hakuna aliyeona haja ya kubadilisha jina. Nusu ya sebule yetu ilikuwa ya vyombo. Kulikuwa na kabati la spika, refu kunifika kifuani, na juu yake amplifaya ya valvu, ile nzito ambayo ukiiwasha lazima ungoje vitaa vyake vya ndani viwe vyekundu kama makaa ndipo upige. Mwaitu siku ya kwanza tu aliitandikia kitambaa chake cha kushona kwa mkono, chenye maua, akaweka juu yake chupa ya chai.

"Mwaitu, hapo hapawekwi chai."

"Kwani hii ni meza ama ni mtu?"

"Ni amplifaya. Ikimwagikiwa inakufa."

"Basi ife," akasema, akijimiminia, "tupate mahali pa kukaa."

Hiyo besi niliinunua mimi. Naandika hivyo wazi kwa sababu baadaye ilikuwa ndiyo habari yote, nani alinunua. Niliuza cherehani yangu na mtamba niliyepewa na nyanya yangu, na bei sitaitaja, anayetaka kujua bei ya besi ya nyuzi tano iliyotengenezwa kwa mkono huko Ulaya aende aulize. Nzioka alikataa kabisa kuandamana nami Nairobi. Alisema, "Besi ni besi. Hata ya kuazima inalia. Nani alienda densi akasema ameenda kusikia besi?" Kwa hivyo nilienda na Kimeu, kwa sababu Kimeu alikuwa na mgongo mpana na hakuwa na la kufanya. Mwenye besi alikuwa Mkongo aliyepiga katika hoteli kubwa, tulimwita Papaa Zozo, na alikuwa anarudi kwao. Chumba chake kilikuwa kimefungashwa chote, masanduku mpaka dirishani, na vitu vya pekee vilivyobaki wazi vilikuwa amplifaya na kabati la spika vilivyouzwa pamoja nayo, na hiyo besi yenyewe, imelala kitandani juu ya blanketi safi kama mgonjwa wa heshima. Mbao zake zilikuwa nyekundu ya maini. Nilikuwa na mimba ya Ndinda, kubwa, ile ya mwisho mwisho. Papaa Zozo aliniangalia tumbo, akaniangalia vidole, akasema, "Mama, piga kwanza. Mimi siuzie mutu asiyejua." Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaiweka kando ya tumbo, nikapiga. Mtoto akapiga teke mgongo wa gitaa mpaka likasikika kwa spika. Papaa Zozo alicheka akashika kichwa. "Uyu mutoto iko ndani ya tempo kushinda mutu wangu wa ngoma!" Na Kimeu, aliyekuwa amekaa juu ya sanduku akila ndizi, akasema, "Papaa, mtu wa ngoma yuko hapa anakusikia." Tulicheka sote. Kisha nilifungua shuka nililojifunga kiunoni, nikatoa pesa, nikaziweka mkononi mwa Papaa Zozo. Kimeu alikuwa hapo. Ganda la ndizi lilikuwa bado mkononi mwake.

Kusafirisha vyombo vile mpaka Machakos ilikuwa kazi ya akili. Watu wa magari ya abiria walitaka kulifunga kabati juu ya kerea ya paani kama godoro. Lakini kila siku malori ya mchanga yalitoka kwetu yakiwa yamejaa kwenda kuwajengea watu wa Nairobi, na jioni yalirudi matupu. Kimeu alimjua dereva mmoja, tukapanda. Niligundua siku hiyo kwamba lori la mchanga halirudi tupu, linarudi na mchanga wa kutosha kuua spika. Ulikuwa umejificha katika kila pembe ya bodi, na kila shimo tulilopita ulirukia kabati. Kutoka siku hiyo nilijifunza, kila tulipoenda kupiga densi. Kabati lilivalishwa magunia mawili ya sisali na kulazwa uso juu, hapana uso chini. Besi ilikaa mapajani mwangu, haikulala kamwe. Valvu za amplifaya nilizitoa moja moja zikiwa zimepoa, kila moja nikaivalisha soksi ya mtoto, nikazibeba kwenye kikapu kama mayai. Tukifika nilichukua brashi ndogo ya rangi nikaanza kupangusa mchanga kwenye karatasi ya spika, polepole, huku Nzioka na wenzake wanakunywa soda na kuniuliza kama nimemaliza kumwosha bibi harusi.

Na nyuzi. Nyuzi za besi hazikupatikana Machakos, na za Nairobi zilikuwa bei ya kukutoa machozi, kwa hivyo nilizichemsha. Uzi wa besi umezungushiwa waya mwembamba, na kati ya huo waya jasho na mafuta ya vidole huingia mpaka sauti inakuwa ya mtu mwenye mafua. Ukizichemsha na siki kidogo uchafu unatoka, sauti inarudi. Sufuria kubwa ndani ya nyumba ilikuwa moja, ile ya muthokoi. Nakumbuka Jumamosi moja Mwaitu amerudi kutoka sokoni, amefunua kifuniko akidhani ni mahindi na maharagwe, akakuta nyuzi tano zimejikunja ndani kama nyoka.

"Aka! Mama Ndinda! Leo tunakula nini, supu ya senyenge?"

"Zinakaribia kuiva, Mwaitu."

"Na mwanangu anakujua hivi? Alikuona ukiwa hivi akakuoa?"

"Alinioa nikiwa hivi hivi."

Alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akakasirika kwa sababu amecheka, akaiosha sufuria kwa majivu mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Sikujua wakati huo kwamba nilikuwa na furaha. Nilidhani nimechoka tu.

Halafu Nzioka akaokoka. Watu wengi waliokoka mwaka ule, kwa sababu ya elfu mbili. Walisema ikifika saa ya mwisho ya Desemba taa zitazimika, ndege zitaanguka, na mwenye kukutwa anapiga benga kwa baa atajijua. Kulikuwa na krusedi, mkutano wa injili, Nzioka alipita pale kutafuta mtu wa kumrekebishia kebo, na akarudi nyumbani macho mekundu akisema amekutana na Bwana. Sikumcheka. Mimi pia naomba Mungu, na bwana aliyeacha pombe ni bwana aliyeacha pombe. Kanisa lenyewe lilikuwa la mabati matupu, chini karibu na mto, na Pasta alikuwa kijana wa suti ya kahawia, mwenye maneno matamu na mke aliyejua kuimba. Baada ya wiki kadhaa Nzioka akaniambia kanisa lina ibada ya shukrani na wanaomba tuwasaidie na vyombo. Kuwasaidia. Hilo ndilo neno alilotumia. Nikasema sawa. Nilipeleka mwenyewe. Nilitoa valvu kwenye soksi nikazirudisha mahali pake, nikawasha, nikangoja, nikaweka sauti ya chini inayofaa nyumba ya mabati ili ukuta usilie. Nilipiga nyimbo za sifa asubuhi yote, Ndinda akiwa mgongoni kwa Mwaitu kwenye benchi la mbele. Kimeu naye alikuja, amekaa nyuma karibu na mlango kama mtu anayengoja gari.

Pasta akamwita Nzioka mbele atoe ushuhuda. Nzioka akasema alikuwa mtumishi wa shetani, alizunguka baa zote kutoka Masii mpaka Ekalakala. Watu wakasema hakuna kama wewe Bwana. Siku zile msanii akiokoka kulikuwa na njia mbili. Ama vyombo vyake vinachomwa nje watu wakiimba, ama vinawekwa wakfu, yaani vinatolewa kwa Mungu moja kwa moja na havirudi tena duniani. Nilijua desturi hiyo. Nilichokuwa sijui ni kwamba inaweza kunifikia nikiwa nimesimama na besi shingoni. Nzioka akanigeukia, akanionyesha kwa mkono kama mtu anayeonyesha shamba, akasema, "Leo hivi vyombo vya shetani navirudisha kwa Mwenyewe. Besi, amplifaya, na spika. Vyote." Kanisa likalipuka. Pasta alikuwa tayari na mafuta, mafuta ya kupikia ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, akaja mpaka nilipo na akamwaga. Sitadanganya nilifikiria nini kwanza. Sikufikiria kwamba ninaibiwa. Nilifikiria pikapu, sumaku za chini ya nyuzi zinazochukua sauti. Niliona mafuta yakiteremka kwenye mbao, yakipita chini ya nyuzi, yakienda moja kwa moja kwenye zile sumaku, na nikatoa leso ya mtoto nikaanza kuyapangusa, na Mama Pasta, aliyedhani nalia kwa furaha, akanikumbatia pamoja na besi, iko kati ya vifua vyetu. Nilipoangalia nyuma, Kimeu hakuwepo mlangoni.

Nyumbani nilimwuliza Nzioka huku naikoroga sima, kwa sababu nisingekuwa na kitu mkononi ningemrushia kitu.

"Ulitoa besi ya nani?"

"Mama Ndinda, usilete roho ya ugomvi."

"Sijaleta roho. Nimeuliza besi ya nani."

"Yetu. Kwani kuna yako na yangu hapa?"

"Na solo yako iko wapi? Sikuiona ikipakwa mafuta."

Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. "Hiyo niliuza, nikatoa sadaka kimyakimya. Biblia inasema mkono wa kushoto usijue."

Nilimwamini. Leo nikikumbuka natamani kujipiga kofi, lakini nilimwamini, kwa sababu solo kweli haikuwa tena kwenye msumari wake, na kwa sababu nilifikiri mtu aliyetoa chake kwa Mungu anaweza kukosea akatoa na cha mwingine kwa haraka. Nilijiambia tumepoteza pamoja. Ukijua mwenzako naye ameachwa mikono mitupu, unaweza kuvumilia mengi.

Besi alipewa Brother Dan, msimamizi wa viti, mtu mzima wa tai ambaye hakuwa amewahi kushika hata gitaa la kawaida. Nilimsikia Jumapili baada ya Jumapili akitafuta noti kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Lakini kupiga vibaya si dhambi. Nilichoshindwa kuvumilia ni vile walivyoitunza. Amplifaya waliibeba ikiwa bado moto, na valvu moja ikapasuka. Spika waliigeuza meza ya maji ya Pasta, na wakati huu sikuwa na ruhusa ya kusema. Besi waliiegemeza kwenye ukuta wa mabati wiki nzima, jua la Machakos likiuchoma huo ukuta kutoka nje, mpaka shingo ikapinda mbele, nyuzi zikapanda juu mbali na mbao, na siku moja ikaanguka, kile kipande kidogo cha juu kinachotenganisha nyuzi kikavunjika. Mama Pasta akaja kwangu, mkono kifuani. "Mama Ndinda, gitaa la Bwana linaumwa." Nilitaka kumwambia, basi Bwana na alitibu mwenyewe. Lakini nilikuwa sijaishika miezi, na nilipofikiria kuishika tu vidole vilinifanya nikubali. Nikaileta nyumbani. Ndani ya shingo kuna chuma kirefu, na kwa ufunguo mdogo wa pembe sita unakikaza kidogo tu, kisha unaacha mbao zizoee mpaka kesho, halafu kidogo tena. Ukiwa na haraka unaivunja. Mwaitu aliniona nikifanya hivyo kila asubuhi kabla ya chai, akasogeza tu chupa yake mbali.

Kile kipande kilichovunjika kilihitaji mfupa wa ng'ombe uliochongwa kwa ustadi, kwa hivyo nikaenda Wamunyu kwa wachongaji. Niliingia karakana moja ya mabati iliyojaa twiga wasio na macho bado, vifaru, na masega ya mbao, inanuka rangi ya viatu wanayotumia kung'arisha. Mchongaji alikuwa mtu mnene mcheshi, jina lake Musau, hakunijua. Alichukua mfupa akaanza kuupiga msasa, mdomo wake ukienda haraka kuliko mkono. Nikainua macho. Juu ya twiga, imening'inizwa kwa kamba, imepanguswa vizuri, ilikuwa solo ya Nzioka. Niliijua kwa mkwaruzo wa pete yake.

"Mnauza na gitaa?" nikauliza, na sauti yangu ikatoka sawa, sijui vipi.

"Hiyo? Zii, hiyo ni ya mtu. Nzioka wa Mwatu Boys. Unamjua? Amenipa nimwekee." Akapuliza vumbi la mfupa, akacheka. "Maskini, mwanaume anateseka. Bibi yake ameokoka ile ya kupindukia. Ati akiiona nyumbani ataichoma moto."

"Bibi yake."

"Eeh. Wanawake nyinyi! Kwa hivyo anaichukua hapa Ijumaa, wanaenda kupiga Ekalakala, anairudisha. Wako na yule mpiga ngoma wa vichekesho, Kimeu. Na wamepata mtu wa besi, kijana wa Matuu. Bendi iko moto sasa."

Nilimlipa, nikachukua kile kipande kidogo cha mfupa, nikakiweka mdomoni chini ya ulimi kwa sababu niliogopa nitakiangusha mchangani. Nilirudi Machakos hivyo, mdomo umefungwa. Nilikuwa nafikiria hili: Nzioka alijua besi ni ya thamani kuliko vyombo vyake vyote. Alijua kanisa linataka kitu kikubwa ili limwamini. Alitoa changu akasifiwa, akaficha chake, na kwa wachongaji wa Wamunyu mimi ndiye nilikuwa kichaa wa dini.

Niliamua kuiomba besi hadharani, mahali ilipochukuliwa. Nilimtafuta Kimeu. Nilimkuta kwa kinyozi, povu nusu ya uso. Sikumtajia Ekalakala. Nilimwambia, "Kimeu, kuja Jumapili useme tu ulichoona kwa Papaa Zozo. Nani alitoa pesa. Basi." Aliniangalia kwenye kioo. "Mama Ndinda, hiyo ni kitu kidogo sana. Nitakosaje kuja?" Na alikuja kweli, shati limepigwa pasi, akamletea Ndinda peremende. Nzioka hakuwepo, alikuwa ameaga kwamba anaenda kumwona mjomba mgonjwa upande wa Masinga. Saa ya ushuhuda ikafika nikasimama na besi mkononi, imepona, nimezikaza nyuzi zote. Nikasema Bwana asifiwe. Nikasema, "Hii gitaa nimeitengeneza kama mlivyoniomba. Sasa nasema ukweli. Aliyeitoa hapa haikuwa yake. Niliinunua mimi kabla mtoto huyu hajazaliwa, kwa cherehani yangu na ng'ombe wangu. Naomba mnirudishie." Pasta hakukasirika, alitabasamu kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Dada, uko na mtu aliyeona?" Nikasema niko naye, ni huyu, Kimeu.

Kimeu akasimama. Akatazama viatu vyake, kisha akaniangalia mimi, usoni kabisa. "Mimi nilibeba tu," akasema. "Mgongo ndio ulikuwa wangu. Nani alilipa, hapo sikumbuki vizuri. Hayo ni mambo ya mtu na bwana yake, Pasta, mimi nitaingilia kitanda cha watu?" Wakacheka. Hata kwenye kunifukia alipata mzaha. Pasta akainua mkono akasema mume na mke ni mwili mmoja, na mwili huo mmoja ulikwishatoa, na kilichopakwa mafuta hakiombwi tena. Nikafungua mdomo niseme ya Wamunyu na ya Ekalakala, kila kitu, na Mama Pasta akaanzisha pambio. Anayejua makanisa yetu anajua hakuna ukuta kama pambio. Makofi, matari, kanisa zima limesimama linaimba upendo, na mimi katikati nasema maneno ambayo hata Ndinda mgongoni kwangu hakuyasikia. Brother Dan alikuja akanitoa mkanda begani kwa upole mwingi. Nafikiria mkono ule wa Kimeu ulioshika ganda la ndizi. Kama angesema anamwogopa Nzioka, ningemsamehe. Kama angesema alihitaji ile kazi ya Ekalakala, ningemtukana na ningemsamehe. Alichagua kusema chumba kile hakikuwepo.

Nzioka alirudi Jumatatu asubuhi na nyama ya mbuzi, na nilijua habari imemfikia kwa sababu alikuwa amenunua na mafuta ya kupikia, bila kutumwa. Niliipika. Mwaitu alikuwa mlangoni anachambua kunde, Ndinda anacheza na maganda. Nilimpakulia Nzioka nyama yote, kama mgeni, nikasimama mbele yake na sikukaa.

"Nilienda Wamunyu," nikasema.

Akatafuna. Hakukana, hilo nampa. "Ni gitaa tu, Mama Ndinda. Mambo yakitulia nitakununulia ingine."

"Sijauliza hiyo. Nauliza mbona hukutoa yako."

"Yangu ndiyo kazi. Yangu naipigia."

"Na mimi nilikuwa naifanyia nini yangu?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli, hakuwa na ubaya hata, ndicho kilichonimaliza. Alikuwa kama mtu anayeulizwa kitu ambacho kila mtu anajua. "Wewe si ulikuwa unatushikilia nafasi," akasema. "Mpaka tupate mtu."

Siku zote zile za mchanga na soksi na nyuzi za kuchemsha. Nilikuwa nimesimama mbele yake, futi mbili, na alikuwa anangoja kupata mtu. Mlangoni sauti ya kunde zikiangukia uteo ilikuwa imenyamaza. Nilichukua sahani kutoka mbele yake, nyama ikiwa bado inatoa mvuke, mkono wake ukabaki hewani. Nikaenda nayo mpaka mlangoni nikaiweka juu ya mapaja ya mama yake.

"Kula, Mwaitu," nikasema. "Huyu ameshiba."

Mwaitu aliangalia sahani. Akamwangalia mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akapangusa vidole kwenye leso yake, akachagua mfupa mkubwa kuliko yote, akaanza kula.